Siku Mjomba Ekidor Alipozushiwa Kifo

Nyuma ya soko,
Lodwar.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Ebei,

Ejok? Sisi huku ejok, tunamshukuru Mungu. Je, kile kifua kilichokusumbua kimepona? Tunasikia joto la Doha linashinda hata la Lodwar, nami nimekataa kuamini. Mama anakula vizuri, ila magoti yanamlalamikia kila akiinuka. Mvua imenyesha kidogo upande wa Kalemng'orok na mbuzi wamepata majani.

Barua hii ataileta rafiki yako anayerudi kazini huko. Ulipojitoa kwenye kikundi cha familia ulisema mitandao inawaharibu watu, na ukanishauri nami nijitoe. Nimelifikiria sana neno lako. Ila kabla sijakujibu, sikia yaliyompata mjomba Ekidor mwezi uliopita.

Mjomba alikuwa amepeleka mbuzi wawili kuuza sokoni kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Akirudi, pikipiki aliyopanda iliteleza kwenye mchanga, akaanguka na kugonga kichwa kwenye jiwe. Damu ilitoka nyingi, akazimia. Mtu mmoja akampiga picha pale chini, kisha akaenda zake. Aliirusha Facebook na maneno haya: "Wakimbizi wamemuua mzee wetu."

Mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu hapa Lodwar picha iliponifikia. Nilimtambua kwa ile shuka yake ya kijani. Ebei, nililia mpaka wateja wakanishika. Nilimpigia mjomba simu, haikupatikana. Nikampigia Ebenyo, mwanawe mkubwa. Alisema neno moja tu, "Tunaenda," akakata. Vijana walikuwa wamekusanyika kwenye laga, ule mto mkavu wa kuvukia kwenda kambini, na marungu yao, na yeye yuko mbele.

Wakati huohuo mjomba alikuwa kitandani kwenye zahanati ya kambi, anashonwa. Aliyemfikisha huko ni mama mmoja wa Sudan Kusini anayeitwa Achol. Anauza chai na kisra, ile mikate yao myembamba, karibu na pale alipoanguka. Aliacha jiko linawaka, akamfunga kichwa kwa leso yake, akampakia kwenye pikipiki nyingine na kumshikilia njia nzima. Hawakuwa wakijuana.

Achol ana wafuasi wengi TikTok kwa sababu huonyesha mapishi yake. Wateja wake ni wa kwao na wa kwetu. Ile picha ilipomfikia Achol, jirani yake Nyakong, aliyekuwa amemfuata zahanati, alimsihi:

"Zima simu tujifiche! Watakuja kutumaliza."

"Nikizima, hiyo uongo ndio itabaki peke yake," Achol akamjibu.

Alimwomba mjomba ruhusa kwanza, Ebei. Hilo ndilo linalonigusa kila nikikumbuka. Alimweleza kinachosemwa, akamuuliza kama ana nguvu za kuongea. Mjomba akakubali. Ndipo akaenda mubashara.

Mtu alinitumia kiungo, nikafungua. Nikamwona mama mrefu, nguo imelowa damu, anasema: "Watu ya Kakuma, huyu mzee hajakufa. Ameanguka na pikipiki. Muulizeni mwenyewe." Akamgeuzia mjomba simu.

Mjomba aliongea Kiturkana, polepole. Alisema hakuna aliyempiga. Kisha akainua sauti: "Ebenyo! Rudisha watu nyumbani. Kama unatafuta kazi, mbuzi wangu wamekunywa maji leo?"

Ebenyo aliniambia baadaye kwamba kijana mmoja pale lagani alikuwa amefungua video hiyo, wakajikusanya kichwa kwa kichwa kusikiliza. Waliposikia habari ya mbuzi, mmoja akaangua kicheko. Hakuna aliyevuka laga. Ebenyo alikwenda zahanati peke yake, mikono mitupu.

Nilisafiri kumshukuru Achol. Nilimkuta anapika. Alikuwa ametukanwa vibaya mitandaoni, wengine wetu wakimwita mwongo, wengine wa kwao wakimwita msaliti. Nikamuuliza anavumiliaje. "Naangalia asubuhi, halafu naweka chini," alisema. "Hawa wako hapa mbele yangu wana njaa."

Basi jibu langu ni hili. Watu wawili walimkuta mjomba mchangani, kila mmoja na simu. Mmoja alitoa simu, mwingine akatoa leso. Simu ya huyu wa pili ilikuja baadaye, ilipohitajika. Sikulazimishi urudi. Mimi nimebaki, na ninajitahidi kutumia simu kama Achol. Sasa nikiletewa habari ya kuchoma roho huwa nauliza kwanza, "Mwenyewe yuko wapi?"

Mama anakusalimu kwa machozi na kicheko. Ebenyo anakusalimu, jirani yetu Atabo pia, na watoto wake wote. Mungu akulinde katika kazi yako, akupe kivuli mchana na usingizi mwema usiku.

Mjomba amepona, amebaki na kovu. Jumapili iliyopita alikwenda kusali kanisani kwa kina Achol. Hajui wimbo wao hata mmoja. Ebenyo anasema alisimama katikati yao na fimbo yake kwapani tangu mwanzo hadi mwisho, akipiga makofi kila mara akiwa amechelewa nyuma ya wote.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Atiir