Mkebe wa Biskuti Chumbani kwa Kaka

Shikamoo Bibi Pisila,

Naomba unisaidie kabla ya Jumanne ijayo, na naomba jina langu lisitoke, kwa sababu nimefanya jambo ambalo msichana aliyelelewa halifanyi, na jambo lenyewe linahusu intaneti ya nyumbani kwetu, ambayo ni ya polepole kiasi kwamba picha ikianza kufunguka unaweza ukaenda kumenya majimbi ya mchana, ukarudi ukaikuta bado inazunguka. Mimi nasomea uuguzi na chuo kiko ng'ambo, na mtihani wa mwisho ni wa mdomo, unakaa mbele ya kompyuta wanakuuliza nawe unajibu huku wanakuona, na mara ya kwanza niliufanya mchana nikiwa sebuleni, nikaulizwa habari ya mgonjwa wa kisukari aliyezimia, nikajibu vizuri tu, lakini kwao sura yangu iliganda nikiwa nimeachama mdomo na jibu halikufika, wakaandika kwamba nimeshindwa kujibu. Wamenipa nafasi moja ya kurudia, ndiyo hiyo Jumanne, ikipita naanza mwaka upya au naacha.

Ruta, kile kisanduku chenye taa, haiko nyumba kubwa, iko kwenye kibanda cha kaka yangu Lisiate huko uani, kwa sababu nyumba kubwa imefunikwa na mshelisheli na dishi linataka kuona mbingu, na aliyelinunua ni yeye, basi likawekwa juu ya paa lake na waya ukaingia chumbani kwake. Nami Bibi unajua, kwetu dada chumbani kwa kaka hakanyagi. Kwa hiyo mtandao ukisumbua nilikuwa nasema na mama tu, nikamwambia ni Lisiate huyo, akirudi shamba anajifungia anatazama raga na kuongea na mchumba wake aliyeko Auckland, ndiye anayetumalizia mtandao. Mama hakungoja, alimsimamia mlangoni siku hiyo hiyo, nikasikia nikiwa jikoni, "Wee Lisiate, dada yako anafeli mtihani, wewe unatazama wanaume wanagombania mpira?" Naye akasema, "Mama, mbona huku kwangu inakwenda vizuri tu." Mama akamwambia, "Kwako! Na kwa dada yako je?" Tangu hapo kaka hagusi tena mtandao wa nyumbani, jioni anakwenda kukaa kwenye ngazi za ukumbi wa kanisa, anatumia wa pale kuongea na mchumba wake, watu wanapita wanamtania, "Lisiate, umeokoka au umefukuzwa?" yeye anacheka tu, na mchumba ameanza kumuuliza mbona siku hizi unaninong'oneza kama mwizi, na mtandao wetu Bibi haukupona, umezidi kuwa mbaya, hata zile jioni zilizokuwa na nafuu hazipo tena.

Basi wiki iliyopita ulikatika kabisa nikiwa katikati ya mazoezi na mwalimu, mama yuko kwa wenzake wanasuka mikeka, Lisiate yuko shamba, hakuna wa kumtuma, nikaingia. Niliingia, Bibi. Ruta sikuiona, nikafuata waya, nikaukuta umeingia kwenye mkebe mkubwa wa biskuti, ule wa bati wa mraba, umetobolewa tundu la waya na mfuniko umekazwa, maana ruta ya kwanza sisimizi walizalia ndani ikafa, naye aliapa ya pili hawataipata. Nikafungua mfuniko, nikaizima, nikaiwasha, nikarudi sebuleni, mtandao ukawa unakimbia kama si wetu, mwalimu akaniambia leo nakuona mpaka vipuli vya masikio. Halafu nikaogopa. Nikaona kaka akirudi akakuta mkebe wazi atajua kuna mtu aliingia, nikaingia tena nikaufunga kama ulivyokuwa, na mtandao ukalala pale pale.

Sasa ugonjwa naujua na siwezi kuusema bila kusema nimeujuaje. Nimefikiria nimwambie mama nimeota. Nimefikiria nimwandikie kaka ujumbe kwa namba asiyoijua, kama vile ni fundi. Nimefikiria ninyamaze nikafanyie mtihani kwa jirani, lakini nikimwona kaka anashika njia ya kanisani na simu yake mkononi najua ni mimi niliyempeleka huko. Nifanyeje?

Ni mimi mwenye mkebe,
Hihifo

---

Mwenye mkebe,

Marahaba. Nianze na sifa, maana mbele sitapata nafasi: umeeleza vizuri. Wengi huniandikia "Bibi, mtandao mbovu," basi, kama mtu anayekwenda kwa daktari akasema "naumwa" akafunga mdomo.

Ulifungua mkebe mtandao ukakimbia, ukaufunga ukalala. Unataka nani mwingine akuambie? Mtandao unatoka kwenye ruta kwa njia ya hewa, na bati haulipiti. Kinachokufikia wewe sebuleni ni kile kinachovuja kwenye tundu la waya. Mimi shule niliiacha kabla hawajamaliza kunifundisha kugawanya, lakini najua ukimfungia jogoo ndani ya pipa, jirani atachelewa kuamka.

Sasa rudi usome barua yako mwenyewe. Umesema zamani jioni kulikuwa na nafuu. Jioni nani alikuwa nyumbani? Lisiate. Akikaa kutazama raga yake anafungua mfuniko, kisanduku kinapumua, nanyi nyumba kubwa mnapata. Asubuhi akienda shamba anaufunga, sisimizi wasiingie. Yule uliyemshtaki kwamba anakumaliza ndiye aliyekuwa anakufungulia, mwenyewe hajui. Ulipomfukuza kwa mdomo wa mama yako, mkebe ukabaki umefungwa asubuhi na jioni. Mlaji ameondoka mezani, chungu kimezidi kukauka, na wewe hukujiuliza? Na unasomea uuguzi! Mgonjwa akizidiwa baada ya dawa, utamwongezea ile ile?

Tuje kwenye miguu yako. Uliingia chumba cha kaka yako. Sitakuambia si kitu, wapo wa kukuambia hivyo, na wengine wana shahada. Kwetu ni kitu. Lakini uliingia mara mbili, na mara hizo hazilingani. Mara ya kwanza ulikwenda kuzima na kuwasha ukatoka, hilo ni kosa la miguu, na lina njia yake ya kuoshwa. Mara ya pili ulikwenda kufunga mfuniko ili usijulikane, na huku unajua kaka yako anataniwa kwenye ngazi za kanisa kwa ajili yako. Hilo miguu haihusiki. Hilo ndilo lililoniudhi.

Ndoto usiote. Mama yako akisikia umeoteshwa mkebe atamwita mchungaji, na mchungaji ataleta wazee wa kanisa, na wote watataka chai. Fundi wa uongo naye usimtume. Lisiate akiona mtandao umepona atataka kumpelekea fundi huyo viazi vikuu vya shukrani, utamtoa wapi?

Na kuna jambo nimeligeuza huku na huku sikulielewa. Wewe ni dada. Tangu lini kwetu dada akataka kitu kwa kaka yake akakikosa? Najua utakachonijibu: "Ndiyo maana siombi, Bibi, hawezi kukataa na kitu ni chake." Ni adabu hiyo, nimeiona, mama yako amekulea. Ila hebu jitazame. Kumwomba uliona ni kumwonea. Kumshtaki hukuona.

Basi fanya hivi. Nenda kwa shangazi yako, dada wa baba yako. Vaa mkeka wa kiunoni, ule wa heshima, usiende kama mtu anayepita kuomba chumvi. Mwambie yote, na ile mara ya pili usiiruke. Atakukaripia, utakaa chini utakaripiwa. Yeye ndiye atakayemwita Lisiate, maana neno la shangazi nyumbani kwenu haliwekewi jingine juu. Amwambie kwanza kwamba dada yake aliingia na anaomba radhi. Kisha amwambie kwamba hakuwa yeye aliyekuwa anawamaliza, arudi nyumbani aongee na mchumba wake kwa sauti ya mwanamume. Ruta ije mwisho. Mkianza na ruta ataitikia kila kitu upesi upesi kwa heshima yako, na lile la maana litapita bila kusemwa.

Kuhusu ruta yenyewe nimemuuliza fundi wetu wa hapa gazetini, na alichosema ni hiki. Dishi libaki pale pale kwa Lisiate, huko ndiko mbingu iliko. Waya wake upitishwe ndani ya bomba la plastiki, ufukiwe, uje nyumba kubwa, na ruta ipigiliwe ukutani sebuleni, juu, pahali ambapo dada anafika na kaka anafika bila mtu kukosa adabu. Isikae nyuma ya friji, wala juu ya kabati la chuma, wala ndani ya kabati la vioo pamoja na picha za marehemu. Na mama yako asiifunike kitambaa cha kufuma. Nawajua akina mama, mimi ni mmojawapo. Kitu chochote chenye taa tunakivisha. Nayo ruta inataka hewa, isipopoa inazembea.

Lisiate atauliza habari ya sisimizi, na swali lake ni la haki. Waya unaoingia kwenye ruta upakwe mafuta mazito ya mgando, upana wa kiganja, sisimizi hawavuki hapo. Na msile biskuti chini yake. Kule kibandani kwake mtandao ukimfikia dhaifu, mafundi wana kisanduku kidogo cha pili cha kuudaka na kuusogeza mbele, awekewe. Asije akarudi kwenye ngazi.

Kazi ya waya isipokamilika kabla ya Jumanne, usilie. Mwenye chumba akiwa ameshajua na ameshasamehe, atautoa mkebe yeye mwenyewe kwa mkono wake na kuiweka ruta kwenye dirisha linaloangalia nyumba kubwa. Ikiwa ruta imeshafika sebuleni, usitegemee hewa hata kidogo siku hiyo: chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya wake. Simu zote za nyumbani zitolewe kwenye mtandao, ikiwemo ya mama yako yenye kwaya isiyozimwa. Jumatatu jaribu na mwalimu wako saa ile ile ya mtihani. Na waandikie chuo leo kwamba mara ya kwanza sauti ilikatika na jibu ulikuwa nalo. Huenda wasibadilishe kitu. Lakini wao walikuona umeachama mdomo, na usiposema watadhani ndivyo ulivyo.

La mwisho. Jina lako sikulitoa, la kaka yako nimelibadilisha. Mkebe nimeuacha, kwa sababu bila mkebe ushauri huu hauna miguu wala kichwa. Lakini wewe nawe uliponiandikia ulifikiri huko Hihifo kwenu kuna nyumba ngapi zenye ruta ndani ya mkebe wa biskuti, na mshelisheli juu, na mtoto wa kiume kwenye ngazi za kanisa? Gazeti hili linafika dukani kwenu Ijumaa asubuhi. Jioni wanaume wanakwenda nalo kwenye kikao cha kunywa kava, mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanacheka, na kaka yako yuko pale kwenye duara. Saa hizi unaposoma bado yuko shamba.

Kunja gazeti. Shangazi yako yuko nyumbani.

Bibi Pisila