Kutoa Kumi

Jumamosi, 3 Mei

Imebadilisha! Yenyewe! Mashine imemaliza kuchonga ua kwenye mbao kwa biti nene, kile chuma cha kukatia, ikasogea ubavuni kwenye kibao cha mapengo sita, ikaiacha biti ile kwenye pengo lake, ikabeba nyembamba na kurudi kazini. Mimi na baba mkwe tumesimama mikono nyuma kama wageni.

Miezi saba ya kuijenga. Zamani kila biti ilifunguliwa kwa spana mbili, na mara nyingi mfunguaji alikuwa Baba, maana mchana mimi niko ofisini nachora ramani za viwanja. Silinda ya upepo inayoachisha biti tuliing'oa kwenye mlango wa basi bovu. Kila ikifanya kazi inapiga chafya. Baba huijibu: "Afya."

Bwana wangu anaiita mashine mume mwenzake. Kachungulia stoo, kauliza kama mume mwenzake ameshakula. Baba kacheka mpaka akakohoa.

Jumanne, 6 Mei

Nimeweka michoro yote mtandaoni, kwenye jukwaa la watu wanaojitengenezea mashine za kuchonga. Bure, atakaye achukue. Mimi pia nimefundishwa pale na watu nisiowajua hata sura, ningewezaje kubana?

Vipimo nimevinakili kutoka daftari la Baba. Amekereza vyuma kiwandani miaka thelathini na nne, na nambari zake zinasomeka kuliko za kitabu. Chini kabisa nimeandika: vipimo vyote vimechukuliwa na baba mkwe wangu. Nimemsomea. Alikwenda kunyoa ndevu.

Rula yake ya chuma imelika ncha, milimita mbili tatu za mwanzo hazipo. Kwa hiyo huanzia kupima kwenye alama ya kumi, halafu hutoa kumi kichwani, ndipo anaandika. Nimemnunulia rula mpya mbili. Moja anajikunia mgongo. Nyingine anaitumia, lakini anaanzia kumi vilevile.

Jumapili, 11 Mei

Watu arobaini na mmoja wamechukua michoro! Kila asubuhi nikimpa Baba shikamoo, anaitikia na kuuliza hapohapo: "Wamefika wangapi?" Utadhani watakula hapa.

Jumatano, 14 Mei

Siku mbaya. Ameandika mwalimu wa ufundi, nchi ya mbali. Ameijenga na wanafunzi wake. Walipoiwasha, mota ilishuka ikapitiliza, ikavunja biti na kupasua kibao. Hakuna aliyeumia. Na anaomba radhi — yeye! Anasema bila shaka kuna mahali amekosea, nimsaidie kutafuta.

Nimetafuta. Mchoro unasema mota ishuke milimita sabini na mbili mpaka kwenye shingo ya biti. Nikaenda stoo kupima ya kwetu. Sitini na mbili. Nikapima tena, sitini na mbili.

Nikafungua daftari. 72. Mwandiko wa Baba, umetulia kabisa. Hakutoa kumi.

Ya kwetu haikugonga kwa sababu siku ya kuifunga sikutumia nambari. Niliishusha mota polepole kwa mkono mpaka ikagusa, mashine ikapahifadhi pale kwenye kumbukumbu yake. Halafu nikawapa watu nambari ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuitumia. Mimi, ninayewarudishia wenzangu ofisini kila karatasi isiyohakikiwa! Sikuhakiki kwa sababu ni Baba. Ningeanzia wapi kumpima baba mkwe?

Nimesahihisha mchoro. Nimewaandikia wote: kosa ni langu, nilinakili vibaya. Baba kauliza wamefika wangapi, nikasema ni walewale. Nikajifanya nina vyombo vya kuosha.

Alhamisi, 15 Mei

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia kwenye kifungua kinywa.

Bwana wangu alikuwa na simu mezani, akasoma ujumbe wangu kwa sauti kubwa: kumbe mke wangu hajui kunakili! Alikuwa anatania. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akauliza mbona unanikanyaga. Wanaume!

Baba akaweka kikombe. Akaenda chumbani, akarudi na daftari, akaufungua ukurasa wenyewe bila kuelekezwa. Akaweka kidole kwenye ile 72. Kisha:

"Hukunakili vibaya, mwanangu. Umenakili sawasawa."

Nikamwambia Baba, ni kumi moja tu, nani hasahau. Akasema kumi hiyo anaitoa tangu huyu mumeo hajazaliwa. Aliitoa akiwa na homa. Aliitoa wiki aliyomzika mama yao. Akauliza kama kuna mwanafunzi aliyeumia. Nikasema hakuna. Baadaye, mlangoni, akauliza tena.

Miaka tisa niko nyumba hii, hajawahi kuniita mkwe. Ni mwanangu tu, tangu siku ya kwanza. Nampenda mzee huyu, na namwogopea. Hilo la pili sijamwambia mtu.

Ijumaa, 16 Mei

Baba hakuingia stoo leo. Silinda imepiga chafya. Nimeijibu mwenyewe.

Jumamosi, 17 Mei

Asubuhi ameniomba nimfungulie kompyuta. Kamwandikia mwalimu yeye mwenyewe, kidole kimoja, karibu saa nzima. "Kosa ni langu. Binti yangu amenisitiri. Samahani kwa kibao na kwa biti." Mwalimu kajibu upesi: kibao kipya wameshaanza kukikata, na wanafunzi wanauliza kwa nini mtu aanzie kupima kwenye kumi. Weee! Jibu la hilo limekuwa refu mara tatu ya samahani yenyewe, na picha ya rula juu. Nikadhani yameisha.

Baada ya chakula akaja stoo na daftari kwapani. Anataka tuhakiki kurasa zote. Yeye ashike daftari na penseli, mimi nipime na kusoma kwa sauti. Nikasema Baba, haina haja. Akasema ofisini unawafanyia hivyo watu usiowapenda.

Tukaanza. Kipimo cha kwanza sawa. Cha pili sawa. Mpaka cha kumi vyote sawasawa, kila kimoja akikiwekea alama, na mgongo wake unanyooka. Bwana wangu kaleta chai, kakaa juu ya ndoo. Leo hatanii mtu.

Cha kumi na moja: kutoka ukingo wa meza mpaka kwenye kibao. Daftari linasema arobaini na tisa. Nimeanzia kwenye kumi, kama alivyonifundisha. Rula ikasoma arobaini na tisa. Natoa kumi — thelathini na tisa.

Nimepima mara tatu. Na arobaini na tisa iko kwenye mchoro wa watu wote wale. Lazima isahihishwe leo, hilo halina mjadala. Baba hakunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye daftari, penseli tayari. Nikasema nakwenda kunywa maji.

Niko jikoni naandika haya nimesimama, glasi haijaguswa. Namsikia anamwambia mwanawe asogee, anazuia mwanga. Nadhani mwanawe naye aliiona rula.

Sasa ananiita. Sauti yake ya kawaida tu, ya mtu aliye kazini.

"Mwanangu. Njoo unisomee. Niandike ngapi?"