Programu Iliyozunguka Ukoo Wetu

Marahaba, mjukuu wangu Saumu. Nimemaliza shule juzi tu, lakini bibi yako ni dada yangu, basi nami ni bibi. Huku Kibuyuni sote tu wazima.

Umeuliza mbona siku hizi sigusi kompyuta. Chuoni Ukunda, mtihani wa kuingia ulitaka programu moja ya kuhesabu chochote chenye matawi, hata ndani mkiwa na nini. Nikaijaribu kwa ukoo wetu: mtu ana jina na watoto, na kila mtoto naye ni mtu mwenye watoto. Watoto niliwatafuta kwa majina. Mwanasiti alimzaa Bakari; Bakari akanizaa mimi, akanipa jina la mamake. Programu ikanidhania mimi ndiye yule bibi, ikarudi kwa Bakari, ikazunguka hadi mashine ikakwama.

"Ukoo wenu hauna mwisho, dada?" mwalimu akatania. Watahiniwa wenzangu wakacheka.

Kosa nililiona palepale: programu ilikuwa sawa, ila watu wawili niliwapa kitambulisho kimoja, jina Mwanasiti. Mdomo haukufunguka. Akapita kwa mwingine, na nafasi zikajaa.

Ukiulizwa, mwanangu, jibu hata kwa kunong'ona. Mimi sasa nafunga mwani kwenye kamba baharini na mama, na jibu lile nalisema vizuri kabisa. Hakuna anayeniuliza.

Bibi yako mdogo