Nepia ya Kawangware

Jumatatu, 3 Februari
Maharagwe yako jikoni tangu alfajiri. Watu wa mjengo, wale wajenzi, wamekula kibandani kwangu, wameenda. Barasa amekunywa chai amesimama, akakimbilia Kawangware tena. Mume wangu, anakimbilia kazi! Enzi zake za mjengo nilikuwa namsukuma atoke kitandani.

Jumatano, 5 Februari
Amerudi mweusi hadi masikioni, anatabasamu peke yake. Yadi anakofanya kazi ni ya mwanamke anaitwa Wairimu. Wanapanda nepia, ile nyasi ya ng'ombe, kando ya mto. Wanakata, wanakausha, wanachoma ndani ya pipa lililofunikwa isipate hewa nyingi. Halafu inasagwa, inachanganywa na uji wa muhogo, inafinyangwa kuwa makaa. Anasema ukikata leo, hujakaa sana imekufika kifuani tena. Hakuna mti umeangushwa. Ameongea mpaka ugali ukapoa.
Wairimu amesema. Wairimu ameona. Mimi na yeye tukiongea ni unga na karo.

Ijumaa, 7 Februari
Nimenusa shati lake. Moshi na nyasi. Hakuna marashi. Afadhali yangekuwa marashi. Hayo ningejua kupigana nayo.

Jumapili, 9 Februari
Hakuja kanisani. Eti makaa yako juani, lazima yageuzwe. Mama Achieng, jirani yangu, akaninong'oneza mlangoni, "Chunga bwanako." Nikamshukuru. Nilitamani kumzaba kofi.

Jumanne, 11 Februari
Nimeenda. Nilifunga kibanda mapema, nikapanda kwa miguu hadi stendi ya Olympic, nikavuka Ngong Road, nikauliza njia mpaka geti lenyewe.
Wairimu ni mrembo. Nilikuwa nimeomba asiwe. Lakini hakuwa karibu na Barasa. Alikuwa kule kando anashona magunia. Barasa ndiye alikuwa katikati ya watu, ameshika bua la nepia, anawaonyesha likauke kiasi gani kabla ya kuchomwa. Wanamwita mwalimu. Akasema kitu, wote wakacheka. Sikusikia alisema nini. Hapo ndipo nilichomeka.
Nikapiga kelele. Nikamwambia Wairimu atafute wake. Nikamwambia Barasa achague, nyasi ama nyumba.
Hakufoka. Alisema tu, "Hapa watu huniuliza nafikiria nini."
Nimerudi nyumbani nikilia barabarani kama mtoto.

Jumatano, 12 Februari
Hakulala nyumbani. Maharagwe yameungua. Nimeyauza hivyo hivyo.

Alhamisi, 13 Februari
Barasa bado. Aliyekuja ni Wairimu, peke yake, viatu vimejaa matope ya mitaro ya huku kwetu Gatwekera. Nikamwacha amesimama.
Akasema Barasa analala kwa binamu yake, anaona aibu kurudi. Kisha akasema, "Mama Brenda, hakuna kitu kati yetu. Lakini sitakudanganya. Kila jioni huyu akinawa mikono, anaharakisha kuja kwako. Mimi nafunga geti naenda kwa nyumba haina mtu. Nimekuonea wivu hata kabla nikujue."
Nilitaka kucheka, kicheko kikakataa. Mwanamke ana yadi, ana uso ule, na ananionea wivu mimi. Nikampa kiti. Nikampakulia. Akamaliza sahani yote.
Bado simpendi.

Ijumaa, 14 Februari
Nimemwambia binti yetu Brenda apige simu. Amwambie babake nyumba iko wazi. Mimi mwenyewe maneno yalinikwama.

Jumamosi, 15 Februari
Barasa amerudi mchana. Hakuomba msamaha, hata mimi sikuomba. Nikamsogezea benchi hapo kibandani. Nikamuuliza nepia hupandwa kwa mbegu ama kwa vipande.
Akaniangalia kwanza, kama anatafuta mtego. Halafu akaanza, polepole. Ni vipande vya bua. Unavilaza kwa udongo, jicho linalochipua liangalie juu. Mikono yake ilikuwa inaonyesha hewani. Alimtaja Wairimu. Sikumkatiza.
Wateja wakaja na sahani zao. Nikawaambia wangoje kidogo.