Solitoni Yangu ya Uongo

Jumatano, Msamala. Manyunyu tangu asubuhi, kibaridi cha milima ya Matogoro kimeingia mpaka kwenye mifupa. Najisikia kinyaa, na kinyaa chenyewe ni cha nafsi yangu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, nasoma shahada ya pili huku nafundisha. Utafiti wangu ni solitoni: pigo la mwanga linalosafiri ndani ya waya wa kioo bila kutawanyika. Kwa kawaida pigo likienda mbali hutanuka, likafifia. Lakini likiwa kali vya kutosha, lenyewe hukibadilisha kioo, kioo nacho kikalibana. Kutanuka na kubanwa vikilingana, linasonga na umbo lake lile lile. Miaka miwili nalitafuta kwenye kompyuta. Wiki iliyopita nikalipata. Mchoro safi, haukutikisika hata chembe! Msimamizi wangu akanisifu mbele za watu. Ijumaa ndiyo siku ya kuutetea.

Jana nikaona madudu yangu. Wakati wa kujaribu programu nilikuwa nimeweka sifuri kwenye kutanuka, na sifuri kwenye kubana. Sikurudisha. Sasa pigo lingebadilikaje, wakati hakuna kitu kinacholigusa? Nikaweka namba halisi, likasambaratika hata robo ya waya halijafika.

Mpuuzi mimi.

Leo mchana nimempigia msimamizi. Akacheka. "Mwalimu, nani atafungua programu yako? Tetea, chukua cheti, mengine utarekebisha mbele ya safari."

Kinyaa kikanijaa. Mtu ninayemwamkia shikamoo kwa moyo wote! Ila kibaya zaidi, na hili naliandika kwa aibu, kabla ya kinyaa nilipata ahueni. Sekunde chache tu, lakini niliipata. Ptuu!

Nikamwandikia mratibu wa idara kwamba mchoro wangu ni batili, Ijumaa sina cha kutetea. Nikatuma haraka, nisije nikajishauri upya. Huenda nimejifukuzisha shahada.

Barua haijapoa, Mama huyo anapiga hodi, katoka kwake Mshangano na jogoo wa kunipongeza, keshachinjwa, keshanyonyolewa. Nikamweleza yote. Akasonya, maana majirani wote keshawatangazia.

"Basi jogoo wako kafa bure, Mama."

"Kufa keshakufa," kasema, anatafuta kisu. "Leo tunamla kwa kuwa umesema kweli."

Nikawasha jiko.