Mtutu Nilioagiza Vibaya na Mkono wa Shemeji Yangu

Mpendwa mama mshauri, safu yako nimeisoma miaka mingi nikiwacheka wenzangu, leo zamu yangu imefika na sicheki tena, nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana jambo hili nimekaa nalo wiki tatu na linanila.

Mimi ni fundi wa bunduki katika klabu ya kulenga shabaha, huu ni mwaka wa tisa, karakana yangu ni chumba kimoja nyuma ya uwanja, meza, jiliwa la kubania vyuma, brashi za shaba na harufu ya mafuta, na mlengaji wetu bora ni shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu, ambaye siku za kazi ni fundi cherehani na anaishi nasi. Mtutu wa bunduki yake ulikuwa umechakaa, kocha akaniambia niagize mwingine, akasisitiza kwamba msimu huu wanaacha risasi nyepesi na kutumia nzito, kwa kuwa mashindano ni ya mita mia tatu na risasi nzito haisukumwi sana na upepo. Nikapiga simu kwa muuzaji, kocha kasimama pembeni yangu, muuzaji akauliza, "Msokoto gani, fundi?" maana ndani ya mtutu kuna mifereji iliyosokotwa inayoizungusha risasi inapotoka, na kila mtutu una kipimo chake, mzunguko mmoja kwa inchi kadhaa. Mama, sikujua. Miaka yote nimefunga mitutu niliyoletewa, sijawahi kuchagua. Kocha ananitazama, nikaona haya, nikasema, "Kumi na mbili," kwa sababu ndicho kipimo kilichoandikwa kwenye mtutu wa zamani, nikakata simu kama mtu anayejua kazi yake.

Siku ya kwanza ya mtutu mpya shemeji alipiga risasi kumi, kocha akaangalia kwa darubini akasema zimetawanyika kama mahindi yaliyomwagika, na kwa kuwa mimi ndiye ninayekwenda kubadilisha karatasi za shabaha nilipofika kule nikaona matundu si ya duara, mengine ni marefu kama tundu la kifungo, risasi zimeingia kiubavu. Nikaikunja ile karatasi nikaitia ndani ya shati. Karakanani nikafungua kitabu cha maelekezo, ukurasa ambao sikuwahi kuugusa, kumbe kimeandika waziwazi kwamba risasi nyepesi, ya greni hamsini na tano, ndicho kipimo cha uzito wa risasi, inatosheka na mzunguko mmoja kwa inchi kumi na mbili, lakini nzito kama hizi zetu za greni sabini na saba zinataka mzunguko mmoja kwa inchi nane, hata saba.

Hapo ndipo iliponipasa kusema. Kocha aliingia akaniuliza, "Bunduki ina tatizo, fundi?" Nikajibu, "Bunduki iko sawa." Akatoka akamwambia shemeji, "Basi ni mkono wako huo. Unatetemeka."

Mshauri, kocha hakujua alichokisema. Mama mkwe wangu alikufa kwa ugonjwa wa kutetemeka, ulimwanzia mkononi akiwa na umri wa karibu na huu wa shemeji, ukampeleka mpaka akashindwa kushika kijiko. Tangu siku ile shemeji anajipima mkono, mezani anashika kikombe anakiangalia kama kitatikisika, na kwa kuangalia sana kinatikisika kweli. Alimuuliza mke wangu, "Dada, mama alianza hivi?" mke wangu akatoka jikoni akaenda kulia. Nguo za wateja amezirudisha bila kushonwa. Wiki iliyopita amemwandikia mchumba wake asitishe posa, eti hataki kumfanya muuguzi. Na mimi karatasi ninazo sita sasa, zimo kwenye droo chini ya vitambaa vya mafuta.

Juzi alinifuata barazani, akaniambia, "Shemeji, wewe ndiye unayeijua bunduki yangu. Niambie ukweli, ni mimi?" Nikamwambia, "Pumzika kidogo, utakuwa sawa."

Jumamosi ni mchujo wa timu. Nafikiria niagize mtutu mwingine nibadilishe kimyakimya, niseme ni matengenezo ya kawaida, apige vizuri na yote yaishe bila mtu kujua. Nikisema ukweli kazi itaniponyoka, na mke wangu sijui ataniangalia kwa jicho gani. Nimechanganyikiwa, mama, nifanye nini?

Ni mimi, Fundi wa Nyuma ya Uwanja.

*

Fundi,

Barua yako ilinifikia Jumanne mchana. Kwa kawaida barua hungoja gazeti, yako sikuthubutu kuiacha ingoje. Nilipiga namba uliyoiandika chini, na kwa ruhusa yako nawaeleza wasomaji yaliyofuata.

Bunduki mimi naijua kwenye picha tu, kwa hiyo kwanza nilimuuliza fundi mmoja mstaafu. Akanifafanulia kwa dakika tano: risasi nzito ni ndefu, na risasi ndefu ikizungushwa polepole inayumba hewani kama pia ya watoto iliyochoka kuzunguka, mpaka inapinduka. "Nami nimewahi kukosea hivyo," akaniambia. Umesikia? Mtutu unasameheka. Kisichoelezeka ni wewe kukaa meza moja na binti wa watu anayepima vidole vyake, ushahidi wa uzima wake ukiwa kwenye droo yako. Na umemwacha aendelee kupiga risasi zisizojua zinakokwenda, kwenye uwanja wenye watu!

Ulilalamika kwenye simu, "Mama, nitafukuzwa." Nikakuuliza, "Na yeye amemfukuza nani?" Ulijua ni mchumba wake.

Ukarudia habari ya kubadilisha mtutu kimyakimya. Nikakwambia hapana. Atapiga vizuri Jumamosi, halafu? Kila kikombe kitakachotikisika maishani mwake ataamini ule ugonjwa umerudi. Nikakutuma jioni ileile uzitandaze karatasi zote sita mbele yake na dada yake, na usianze na samahani. Anza na "mkono wako hauna kitu". Samahani ni yako, ingoje.

Alhamisi ukanipigia. Ulinieleza kwamba alipitisha kidole kwenye yale matundu marefu, moja baada ya jingine, akauliza swali moja tu: "Umejua tangu lini?" Ukasema wiki tatu. Akainuka akaingia chumbani. Ulitaka kumfuata, mkeo akakwambia, "Kaa hapo hapo." Kesho yake ukamweleza kocha, akakufokea mbele ya klabu nzima na kukupa barua ya onyo, kisha akampa shemeji yako bunduki ileile na risasi nyepesi. Risasi kumi, matundu kumi ya duara, yote yanafunikwa na kiganja. Aliketi pale kwenye mkeka wa kupigia akaitazama mikono yake, akalia. Kwako hajatamka neno mpaka sasa.

Naandika haya Ijumaa, nitakusomea kwa simu leo hii kabla gazeti halijatoka, maana kazi yako haijaisha.

Usimsumbue akusamehe. Wiki tatu za hofu haziondoki kwa siku mbili, na usimtume mkeo akuombee. Kwa mchumba usiende kujifanya mjumbe. Shemeji yako akitaka kumwandikia tena ataandika mwenyewe, na akikuomba uende kueleza kosa lako, nenda siku hiyo hiyo. Mkeo ampeleke mdogo wake kwa daktari, si kwa sababu anaumwa, bali kwa sababu nyumba hiyo imeogopa ugonjwa huo miaka mingi na inahitaji kuambiwa na anayejua. Mtutu wenye msokoto wa inchi nane uagize sasa, ukiwa umemwambia muuzaji uzito wa risasi kabla hajakuuliza chochote. Kwa mchujo apige nyepesi. Upepo utazisukuma zaidi, lakini hilo kocha anajua kulifidia, na walengaji wenzake pia watapambana na upepo huohuo.

Kesho mpelekee bunduki yake mpaka kwenye mstari wa kupigia. Ikague mbele ya macho yake, mwambie ulichokikagua na ulichokikuta, hata asipokujibu. Kisha mkabidhi, urudi nyuma ya kamba ya watazamaji usimame na wengine.