Sala Nyuma ya Magogo

Mjukuu wangu Mwende,

Sisi wa huku mtaani Lucky Summer tu wazima. Goti la nyanya yako limetulia, naye anakusalimu. Umeniuliza kwa nini watu humwamini Mungu, maana wenzako wa bweni hubishana bila kufika popote. Mimi pia sijafika, lakini nitakusimulia jambo.

Nikiwa karani kijana kwenye karakana ya vinyago mtaani Baba Dogo, niliandika "mpingo" kwenye hati za vinyago vya mti wa kawaida, vilivyopakwa rangi nyeusi ya viatu. Nilipogundua kosa, sanduku la vinyago hivyo lilikuwa likipakiwa garini. Nikaogopa kufutwa kazi, nikajificha nyuma ya magogo nikaomba.

Mutua, mchongaji Mkristo, na Abdi, mchuuzi Mwislamu, walinikuta huko. Hao walibishana kuhusu dini kila siku.

"Unaomba nini, karani?" Mutua akauliza.

"Mungu afiche kosa langu."

Abdi akacheka. "Mungu ashajua. Mwenye hajui ni mdosi."

"Leo, Abdi, umesema kweli," Mutua akasema.

"Husema kila siku, ni wewe husikii."

Wakanisindikiza hadi kwa huyo mdosi, mkubwa wetu, kila mmoja akinong'ona dua yake. Nikakiri. Alinifokea sana, kisha akanipa karatasi niandike upya.

Nilipotoka walikuwa bado wananingoja mlangoni, na hakuna aliyedai kwamba ni dua yake iliyosikika. Hilo hunishangaza hadi leo.

Waulize wenzako waliomba lini mara ya mwisho, hata yule asiyeamini, uniambie. Natamani kujua.

Babu yako